Kichwa cha Mama Rogathe

Kuna watu hawawezi kuona utando juu ya maziwa bila kutapika. Mke wangu Dina ni mmoja wao. Mimi maziwa nayanywa na utando wake, na nikimkuta nzi namtoa kwa kidole, naendelea. Kinachonitapisha mimi ni picha ya uongo. Nikiiona, mate yananijaa mdomoni, yale ya chumvichumvi yanayotangulia matapishi. Nimeyaonja mara nyingi, maana nimepiga picha katika milima hii kwa miaka thelathini na moja, na nimeona nyingi za wenzangu.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani sijui kitakachonigeukia mbele ya hadithi.

Kamera niliachiwa na mmisionari mmoja mwaka 1927, alipofungasha kurudi kwao. Ni sanduku la mbao linalosimama kwa miguu mitatu, na mpigaji hujifunika kitambaa cheusi. Halitumii filamu ya kuviringisha. Linatumia vioo, kioo kimoja picha moja, na kioo kikishapigwa hakipigwi tena. Vioo vilikuja kutoka Tanga kwa treni hadi Same. Kutoka Same nilivibeba mwenyewe, kwa lori hadi Gonja, halafu kwa miguu hadi kwetu Bombo, nimevikumbatia kifuani njia nzima.

Watu walidhani nitapiga maharusi na wachungaji. Nilipiga waliokuwa kazini. Nilipiga wanaume wa msaragambo, siku kijiji kizima kinapotoka kufanya kazi pamoja, wametumbukia magotini wakizoa tope la ndiva, bwawa letu la maji ya mfereji. Nilishuka Kihurio nikapiga wanawake wanaopepeta mpunga, makapi yamewaganda kwenye jasho la shingo. Nilipiga soko la Bendera saa sita mchana, watu wamechoka na mbuzi wamechoka. Nilipiga stesheni ya Same, na mpagazi akijikuna mgongo kwa ncha ya mwavuli wa abiria. Sikumwambia mtu asimame vizuri hata siku moja. Mama mmoja alinilaumu kwamba nimempiga na kamasi ya mtoto begani. Nikamwambia kamasi hiyo ndiyo shahada yake ya umama, aitunze.

Vioo nilivipanga kwenye makasha, nikavitenganisha kwa majani makavu ya mgomba, nikavihifadhi ghalani chini ya magimbi. Vilizidi mia nne.

"Wenzako wana ng'ombe," Dina aliniambia. "Wewe una vioo. Tutakamua nini?"

Bombo nzima mtu mmoja tu alinikataa, tena kwa miaka ishirini. Jina lake Eliwaza, mjane, mfinyanzi, mama yake Rogathe. Vyungu vyake vilipikiwa makande kutoka kwetu mpaka tambarare. Kila nilipopita kwake na kamera begani, mambo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, Mama Rogathe."

"Marahaba. Pita na sanduku lako."

Basi mwaka 1947, Jumapili moja baada ya ibada, alinifuata mwenyewe hadi uani kwangu, akakataa kigoda, akasimama ameshika fimbo yake.

"Kaanaeli, unajua mama yangu alikuwa akifinyanga nini?"

"Vyungu, mama."

"Vyungu vya nini?"

Nilijua. Kila Mpare wa umri wangu anajua, ingawa kanisani tunajifanya tumesahau. Zamani mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya muda wanaume wa ukoo walikwenda kukitoa kichwa chake. Kichwa kilisafishwa, kikatiwa chunguni, kikawekwa pangoni pamoja na vichwa vya waliomtangulia. Huko ndiko wajukuu walikokwenda kumsalimia na kumweleza yaliyowasibu, mvua ikikawia au mtoto akiugua. Asiye na kichwa pangoni hakuwa na pa kusalimiwa. Wamisionari walipokuja walikataza, nasi tukaacha, mmoja mmoja, bila kelele.

"Mimi ni Mkristo," Eliwaza alisema. "Nitazikwa mzima na nitabaki mzima, mchungaji aridhike. Lakini wajukuu zangu watamsalimia nani? Kaburi huota majani. Nimefikiri mwaka mzima. Nimeona picha ndiyo itakuwa kichwa changu. Unipige uso, Kaanaeli. Uwe uso wa mtu anayesalimika."

Katika miaka ishirini hakuna mtu aliyekuwa ameizungumza kazi yangu namna hiyo. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya nimeingiwa na moshi.

"Lini, mama?"

"Rogathe yuko kwangu wiki hii, ananishonea gauni jeupe. Akimaliza anarudi kwa mumewe Kihurio. Jumanne ya wiki ijayo."

Nilikuwa na kioo kimoja tu. Vita ilikuwa imekwisha lakini bidhaa zilikuwa bado zinakuja kwa kudondoka, na dazani niliyoagiza Tanga ilikuwa na miezi mitano haijaonekana. Hicho kimoja kilikuwa ndani ya kasha lake la mbao lisilopitisha mwanga, linalochomekwa pamoja nacho kwenye kamera. Nikalifunga kasha ndani ya shati langu la Pasaka, nikamwambia Dina asiliguse hata nyumba ikiungua.

Jumatatu, kesho yake ikiwa siku ya Eliwaza, akaja Bwana Haketi.

Aliletwa na jumbe wetu Simeoni, mtu mwenye kofia ya pama na tumbo lililojengwa na dengelua, pombe yetu ya miwa. Haketi alikuwa Mzungu mpiga picha, alitoka Nairobi, akiwafanyia kazi watu wanaochapa postikadi. Alikuwa na wapagazi sita na kamera ya vioo kama yangu, ila mpya. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na alilolipenda kuliko yote lilikuwa "subiri." Jioni ilipofika kijiji kizima kilikuwa kinamwita Bwana Subiri. Kwa kuwa mimi nilisoma Kiingereza kidogo misheni, nikafanywa mkalimani.

Alisema anataka Wapare wa asili. Nikamwonyesha kwa mkono: yule anayepalilia kahawa na kaptula yake, yule anayetoka mferejini na ndoo, mwalimu wa shule na baiskeli yake anayoisukuma siku zote kwa sababu milima hairuhusu kuipanda. Haketi akacheka, akanipiga bega. Kumbe Simeoni alikuwa amekwisha kumwahidi watu wa ngozi na mikuki.

Jumanne asubuhi uwanja wa jumbe ulinuka kabla sijaufikia. Bombo hakukuwa na mtu aliyevaa ngozi tangu vita ya Mjerumani. Ngozi zilizokuwepo zilikuwa za kulalia, zilizokojolewa na watoto wa vizazi viwili, na nyingine alizileta mchinjaji, mbichi, mafuta yakiwa bado yanang'aa na funza wakijipinda kwenye mikunjo. Watu walikuwa wamepanga foleni kuzivaa. Malipo yalikuwa pishi ya chumvi.

Wa kwanza alikuwa Lukasi, mzee wa kanisa. Jumapili ndiye aliyetusomea somo. Alivua miwani, akavua koti, shati na suruali, akavikunja vizuri, miwani akaiweka juu. Akajipaka masizi na mafuta ya nyonyo, akashika mkuki ambao hakujua ushikwe wapi. Tumbo lilikuwa linamtikisika kwa kicheko.

"Lukasi, hata wewe?"

"Chumvi, Kaanaeli. Na ni mchezo tu."

Yale mate yakanijaa. Si kwa sababu ya mwili wa Lukasi. Mwili huo niliupiga mwaka 1934 ndani ya ndiva, kifua wazi, tope mpaka masikioni, na ulikuwa mwili wa mtu anayejua anachofanya. Katika mwili wa leo mwenyewe hakuwemo. Simeoni alizunguka akiwapaka watu masizi kwa kiganja chake, mmoja baada ya mwingine, vifua vya watu aliokula nao makande, akijifuta kwenye majani ya mgomba na kuagiza zaidi. Na wenzangu walicheka. Hicho ndicho kilichonichefua kuliko ngozi zenyewe. Mzungu ni mgeni, hajui. Sisi tulijua, tukachekelea, tukaulizana chumvi ni nyeupe kiasi gani.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Haya, nawajibu.

Jana yake Haketi aliketi uani kwangu akavitazama vioo vyangu, kimoja kimoja, akivielekeza juani. Alipofika cha wanawake wa Kihurio alikirudia. Akasema picha ile ingefaa kutundikwa popote duniani. Miaka ishirini nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo, na aliyekuja kusema akawa huyu. Alichagua vioo kumi na viwili akaomba aondoke navyo, akawaonyeshe watu wachapao vitabu. Aliahidi kuniletea vipya dazani mbili. Usiku huo nilikula nyama kidogo na nikaiona tamu kupita kawaida.

Asubuhi hiyo ya Jumanne mpagazi wake mmoja aliteleza akivuka mfereji. Sanduku la vioo vya Haketi visivyopigwa likaporomoka mpaka bondeni, vioo vikawa chenga, vikabaki viwili tu. Kwa kimoja akampiga picha Lukasi, kwa kingine akawapiga vijana wakiruka. Kisha akanigeukia. Kamera zetu zilikuwa za kipimo kimoja. Akauliza kama sina hata kimoja.

Ningesema sina. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza.

Niliingia ndani, nikalifungua shati la Pasaka. Dina alikuwa amesimama mlangoni.

"Hicho si cha Mama Rogathe?"

"Analetewa vingine. Dazani mbili. Mwezi mmoja tu."

Dina alinitazama kwa ule uso anaoutazamia maziwa yenye utando, akanipisha.

Nilikuwa nimekwisha kumkabidhi Haketi kasha, nalo liko ndani ya kamera yake, Eliwaza alipotokea njiani. Ilikuwa Jumanne, na yeye alikuwa mtu wa kutimiza siku. Gauni lilikuwa jeupe kweli, la mikono mirefu, ukosi umesimama, kitambaa cheupe kichwani. Uso alikuwa ameupaka mafuta. Alipita katikati ya watu waliopakwa masizi, na wengine walijificha nyuma ya wenzao asiwaone. Lukasi alivaa miwani yake haraka, miwani na ngozi.

"Subiri," Haketi alisema.

Akamwendea. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, kushoto, kulia, kama mnunuzi wa mbuzi. Akanigeukia akasema huu ndio uso alioutafuta safari nzima, nimwambie avue hilo gauni.

Nikamtafsiria Eliwaza. Sikumtafsiria sawasawa.

"Anaomba uvae ngozi kidogo, mama."

"Nimekuja kwako. Sikuja kwake."

"Mama Rogathe," Simeoni akaingilia, "usinitie aibu mbele ya mgeni."

Eliwaza hakumgeukia. Yeye alimjua jumbe huyo tangu akiwa na makamasi, hakumwona kuwa mtu wa kumtisha.

"Kaanaeli. Unasemaje wewe?"

Watu walikuwa wanangoja. Haketi alikuwa anangoja, mkono juu ya kamera, vioo vyangu kumi na viwili vimekwisha kufungwa kwenye mzigo wake, na juu ya mzigo ameandika jina langu kwa herufi kubwa.

"Vumilia kidogo, mama," nikasema. "Akimaliza yake, nitakupiga yako."

"Wewe umesema?"

"Nimesema."

Akaenda nyuma ya migomba. Ngozi kavu zilikuwa zimekwisha, wajanja wamezichagua mapema. Alirudi na ile ya mchinjaji. Maji ya damu yalimtiririka pajani na nzi walimfuata. Kifua chake kilikuwa wazi, kifua cha mama wa watu mwenye miaka sabini, na mimi nikainamisha macho kama nilivyofundishwa, kana kwamba adabu ilikuwa imebaki ya kutumia. Simeoni akampaka masizi. Haketi akamtwisha chungu kichwani, chungu cha nyumbani kwa jumbe, kilichofinyangwa na sijui nani.

"Chungu hiki kina ufa," Eliwaza alisema. Mfinyanzi bora wa milima yote ile. Hakuna aliyemtafsiria.

Haketi akajifunika kitambaa. Mimi nilisimama ubavuni mwa kamera yake.

"Mwambie atazame hapa," akasema kutoka mle gizani.

"Tazama hapa, mama."

Hakuitazama kamera. Alinitazama mimi. Midomo ilikuwa imebanwa na pua imepanda kidogo upande mmoja, uso wa mtu aliyekanyaga kitu na bado hajainamisha macho aone ni nini. Haketi akapiga. Akatoka chini ya kitambaa akichekelea, akasema uso ule ni dhahabu tupu.

Eliwaza alikwenda mferejini akaoga, akachukua muda mrefu. Alipotoka amevaa tena gauni lake jeupe, watu walikuwa wamekwisha kutawanyika na chumvi zao. Haketi alikuwa amekitoa kioo akakihifadhi, akanirudishia kasha tupu.

"Sasa yangu," Eliwaza akasema.

Basi sikilizeni. Nilisimamisha kamera yangu. Nilimletea kigoda, nikamweka penye kivuli chepesi, nikamrekebishia ukosi. Nikalichukua lile kasha tupu nikalichomeka mahali pake kwa uangalifu wote, taratibu, kana kwamba kuna kitu ndani. Nikaingia chini ya kitambaa. Kwenye kamera ya vioo mtu huonekana kichwa chini, na mimi nimezoea kuwasoma watu hivyo. Nikaona uso wake ukilegea. Masizi kidogo yalikuwa yamebaki nyuma ya sikio. Alikuwa akifikiria watu fulani, wajukuu bila shaka, wa sasa na wa baadaye, na polepole akaanza kutabasamu. Alikuwa na mwanya. Nilikaa naye kijiji kimoja miaka arobaini na sikuwahi kujua kwamba ana mwanya.

Nikatoka, nikaondoa kifuniko cha lenzi, nikahesabu kwa sauti moja, mbili, nikakirudisha.

"Tayari, mama."

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Sitaki mtu anipe maji ya kunywa hapa. Acheni niendelee.

Nilijipangia kwamba vioo vikija nitamwambia ile imeharibika, turudie. Mtu huweza kuuvika uongo nguo mpaka ukapendeza. Dazani mbili za Haketi hazikuja. Nilimwandikia Nairobi mara tatu, hakujibu, na vioo vyangu kumi na viwili sijaviona mpaka leo. Eliwaza alipita kwangu kila wiki akienda kuchota udongo.

"Kichwa changu kiko tayari?"

"Bado kinakauka, mama."

"Kikauke vizuri. Chungu kikiharakishwa hupasuka."

Masika ya 1948 alishikwa na kifua, akaugua siku nne, siku ya tano tukamzika. Vioo kutoka Tanga vilifika Same wiki mbili baadaye, dazani nzima, havina hata mkwaruzo.

Matangani Rogathe alinijia kwa heshima zote. Ni rika langu, na kwa kuwa mwanangu wa kwanza anaitwa Aminiel, huniita kwa jina la mtoto.

"Baba Aminiel, mama aliniambia picha iko kwako. Alisema alitabasamu. Sijawahi kumwona amefurahi namna hiyo, alinituma niwaambie watoto wote."

"Iko Same," nikasema. "Inatengenezwa."

Uongo ukizaa haukosi mkunga. Nikashuka Same kuchukua vioo vyangu, na mkabala na stesheni, dukani kwa Chande, ndipo nilipomkuta Eliwaza kwenye postikadi. Alikuwa amebanwa kwa kibanio cha nguo kwenye kamba, kati ya wembe na viberiti. Ngozi, masizi, chungu chenye ufa, kifua. Chini pamechapwa maneno ya Kiingereza yaliyosema: Mwanamke mshenzi, Milima ya Upare. Nyuma pana nafasi ya kuandika salamu.

"Hizi zinakwenda sana," Chande akaniambia. "Wazungu wa treni wanazipenda. Unamfahamu?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema hivyo. Mdomo ulisema wenyewe, ulikuwa umekwisha kuzoea. Nilitaka kuzichukua zote nizichome, Chande akacheka akanifungulia kasha chini ya meza, limejaa. Nikachukua moja. Nikazunguka nyuma ya duka mpaka relini, nikatapika kila nilichokula tangu juzi, na nilipodhani nimemaliza nikaiangalia tena ile kadi, nikatapika nyongo.

Mpaka leo sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilichokiwaza. Mimi ni fundi. Ningeweza kuipiga picha upya kadi ile, nikaufuta ule ufa, nikachora gauni jeupe na ukosi, hata midomo ningeilegeza kwa brashi nyembamba, nikatia mwanya. Rogathe asingejua. Wajukuu wasingejua. Mkono ulikuwa unawasha kuianza kazi hiyo. Nikainuka, nikapanda lori la Kihurio na kadi ikiwa mfukoni, kabla mkono haujanishinda.

Rogathe alikuwa amemwaga mpunga mkekani, anaugeuza kwa mguu. Tukasalimiana. Akaniona usoni, akaacha kugeuza. Nikampa kadi.

Aliitazama muda mrefu. Kiingereza hakujua, na alikuwa na bahati hapo.

"Mama alisema alitabasamu."

"Alitabasamu."

"Hiyo iko wapi?"

"Haipo. Sanduku lilikuwa tupu."

Nikamwambia yote, tangu shati la Pasaka hadi kasha tupu. Sikuacha hata chungu chenye ufa. Kuku walikuja kwenye mpunga, hakuwafukuza.

"Gauni nililomshonea alilivaa?"

"Alilivaa."

"Wakati wa sanduku tupu."

"Ndiyo."

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia, au kumwita mumewe anipige, na ningeshukuru. Alirudi na mkasi, mkasi mkubwa wa kushonea, uliolikata gauni lile.

"Kichwa hutolewa na wanaume wa ukoo," akasema. "Baba alikufa na kaka sina. Mama alikuita mwanawe. Kata."

"Rogathe."

"Kata, Baba Aminiel. Mengine yote nitolee, unibakizie kichwa."

Nilipiga magoti mkekani nikakata. Mkasi ulikuwa mzito, na sikutaka kumkosea tena. Nilipita chini ya chungu, juu ya utosi, nikazungusha shavu, nikakata shingo juu kidogo ya ngozi. Mabega na kifua na yale maneno ya Kiingereza vikaanguka kwenye mpunga, na kuku mmoja akaja akavidonoa. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kidogo kama kijiko cha chai. Rogathe akaleta chungu, cha kiganjani, alichofinyangiwa na mama yake alipokuwa msichana. Akakiegemeza kichwa ndani yake hata uso ukawa unatazama nje mdomoni mwa chungu, akakiweka rafuni.

"Msalimie."

"Shikamoo, mama."

Alinitazama vilevile, midomo imebanwa, pua imepanda upande mmoja.

"Utakuja kila mwaka baada ya mavuno," Rogathe akasema. "Watoto watamsalimia na hawatajua bibi anamtazama nani hivyo. Wewe utajua."

Huu ni mwaka wa kumi. Bado napiga picha, mkono haujaacha, na wanaonisifu wapo. Kila baada ya mavuno nashuka Kihurio, naketi kwenye kigoda mbele ya rafu hiyo, nasema shikamoo yangu. Watoto wa Rogathe wana watoto sasa, nao wamefundishwa kuingia na kusalimia kabla ya kula. Mwaka huu mmoja wao, Eliaichi, kasichana ka miaka minne hivi, alisimama akakitazama chungu sana.

"Mbona bibi amekunja pua?"

"Anasikia harufu," Rogathe akamjibu, akaendelea kupepeta mpunga wake.

Mtoto akanusa. Akanusa mlangoni, akanusa kwenye mkeka, akanusa chini ya rafu. Kisha akaja mpaka kwenye kigoda changu, akanusa tena, akasimama hapohapo.